Branula Si Bangili

Unaijua hiyo picha. Mkono umelala juu ya shuka ya hospitali, branula imefungwa na plasta nyeupe, mpira unapanda hadi kwa chupa ya maji iliyotundikwa, na chini yake maneno mafupi: "Mungu ni mwaminifu." Sidhani kuna kijana Nakuru hii ambaye hajaiona kwa stetasi ya mtu. Mimi mwenyewe nimeiposti. Ilitazamwa na watu wengi kuliko video zangu zote za mutura na chipo mwitu, na kwa siku mbili nilijiona staa.

Kwa hivyo wale mnanifuata kwa sababu ya chakula, leo mnisamehe. Leo ni hiyo picha.

Mwaka jana nililazwa na kidole tumbo, kile wengi mnaita apendiksi. Nililetwa Jumapili usiku, nimejikunja kwa kiti cha nyuma cha teksi kutoka Free Area, nikitapika kwa karatasi. Hospitali sitaitaja. Si kwamba naogopa. Ningeitaja mngeanza kusema "aah, hiyo ndiyo iko hivyo," halafu kila mtu arudi kulala akidhani yake iko sawa. Nikawekewa branula pale mapokezi, mbio mbio, taa yenyewe inapepesa. Sikumbuki kama mtu alinawa mikono. Nakumbuka tu nikiomba dawa ya maumivu kama mtoto.

Nikapasuliwa Jumatatu alfajiri, vizuri kabisa. Kidonda kilipona hata kabla ya drama yenyewe kuanza. Jumanne jioni daktari akapita na raundi, akasema naweza kuanza dawa za kumeza. Maji yakatolewa, chupa ikashushwa. Branula ikabaki mkononi. Hakuna aliyesema ibaki, na hakuna aliyesema itoke. Ikakaa tu, kama chaja iliyosahaulika kwa soketi.

Nikapiga picha. Maboyz wangu wakaja saa saba za kutembelea wagonjwa, wametoka kwa matatu moja kwa moja, mmoja akaishikashika akiuliza kama inauma. Jumatano nikaoga, ikalowa. Alhamisi mkono ukaanza kuvimba, na juu ya ngozi kukawa na mstari mwekundu unapanda kuelekea kiwiko. Sikusema kitu. Nilidhani ni kawaida, na pia nilikuwa natarajia kuruhusiwa Ijumaa, sikutaka kuharibu mambo.

Ijumaa asubuhi mathe amekuja na nguo safi za kunirudisha nyumbani, akanipata natetemeka hadi kitanda kinalia. Blanketi tatu na bado baridi. Akaita, "Sista, tafadhali, kuja uone mtoto." Yule muuguzi alikuja, akaangalia mkono kabla hata ya kuangalia uso wangu. Akaitoa branula hapo hapo. Akauliza, "Hii ni ya lini?" Sisi watatu tukatazamana.

Walichukua damu kwa vichupa, ipelekwe maabara iwekwe mahali pa joto waone kama kuna kitu kitaota. Kikaota. Staphylococcus aureus, bakteria wa kawaida kabisa, karibu mtu mmoja kati ya watatu anatembea naye puani bila shida yoyote. Puani ni mpangaji mtulivu. Kwa damu ni jambazi. Nikapimwa moyo kuangalia kama amekaa kwa valvu. Hakuwa. Lakini wiki mbili za antibiotiki za kudungwa hazikuepukika, na za kudungwa zinapitia wapi? Branula nyingine, mkono ule mwingine. Hiyo sikupiga picha.

Mathe anauza viazi na kabeji pale soko la Wakulima. Siku hizo zote meza yake ilikuwa imefunikwa na turubai. Pesa ya chama, ambayo ilikuwa ya karo ya dadangu, ililipa salio la bili. Nilikuja na ugonjwa wa siku nne, nikakaa karibu siku ishirini, na hizo za ziada nilizipatia ndani ya jengo ambalo nililipia kuponea.

Nikiwa bado kitandani nikaitafuta ile picha kwa simu, nikaikuza kwa vidole viwili. Manze. Plasta imeinuka pembe moja. Chini yake kuna damu iliyokauka, nyeusi. Mahali panafaa kuandikwa tarehe na saa, hapana kitu. Watu zaidi ya elfu mbili waliitazama hiyo picha, pamoja na mimi mwenyewe, na wote tuliona mkono wa mgonjwa. Ushahidi ulikuwa hapo tangu Jumanne.

Sasa wacha nieleze inavyofanyika, maana mimi pia sikujua. Ngozi yako ni ukuta. Huko nje kuna bakteria kibao, ndani ya mshipa hakuna. Branula ni tundu umetoboa kwa huo ukuta ukaweka bomba. Bakteria ana njia kadhaa za kuingia. Anaweza kuteremka kando ya bomba kutoka kwa ngozi ambayo haikupanguswa vizuri, ama ilipanguswa halafu mtu akaigusa tena na kidole akitafuta mshipa. Anaweza kupitia mdomo wa branula, pale dawa inadungiwa, kama hakuna aliyeupangusa na spiriti kwanza. Mara chache zaidi, anakuja ndani ya maji yenyewe. Hilo la mwisho si hadithi. Marekani, kati ya 1970 na 1971, chupa za maji ya mshipa kutoka kiwanda kimoja zilikuwa na bakteria kwa vifuniko, na wagonjwa karibu 400 katika hospitali 25 wakaugua.

Akishaingia, anajenga. Unajua ule utelezi unakuwa ndani ya jerikeni la maji ambalo halijasuguliwa mwezi mzima? Ndio huo. Anatengeneza utando kwa plastiki, anajificha chini yake, na dawa inapita juu kama maji ya mvua juu ya mabati. Ndio maana kitu cha kwanza yule sista alifanya ni kutoa bomba. Ukiacha bomba ukaongeza dawa, unapoteza dawa.

Nilianza kusoma nikidhani kesi yangu ni bahati mbaya. Kumbe. Shirika la Afya Duniani lilisema kwa ripoti yake ya 2022 kwamba kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa, kwa nchi tajiri 7 watapata maambukizi mapya wakiwa hospitalini, na kwa nchi kama yetu 15. Haya ni maambukizi ya kila aina, sio ya branula pekee. Kwa wastani, mmoja kati ya kumi wanaoyapata atakufa.

Na ukitaka namba za hapa hapa Kenya, nenda Kilifi. Hospitali ya Kilifi ina watafiti ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakichukua damu ya watoto wanaolazwa na kuiotesha. Kutoka 2002 hadi 2009 waliwafuatilia watoto ambao walipata bakteria kwa damu wakiwa tayari wodini. Walikuwa kama 6 kwa kila 1000 waliolazwa. Unaweza kusema si wengi. Sasa soma hii polepole: kati ya hao watoto, 53 kwa kila 100 walikufa. Wale waliokuja na bakteria wao kutoka nyumbani, waliokufa ni 24 kwa 100. Utafiti huo ulichapishwa 2011 kwa jarida la Lancet. Haukusema kwamba kila mtoto aliambukizwa na branula, na mimi pia sisemi. Wengine walikuwa na utapiamlo mbaya, wengine waliongezwa damu. Lakini hospitali ndiyo ilikuwa mahali pa tukio.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba tunajua ya Kilifi kwa sababu Kilifi walipima. Hospitali nyingi hapa Rift Valley kuotesha damu ni anasa. Kipimo chenyewe kinalipishwa, vichupa vinaisha, na majibu yanakuja baada ya siku kadhaa. Mgonjwa akipata homa siku ya tano anabadilishiwa antibiotiki, akipona tunashukuru, akifa ripoti inaandikwa ule ugonjwa aliokuja nao. Hesabu inabaki sifuri. Ni kama kusema hakuna mwizi mtaani kwenu kwa sababu hakuna kituo cha polisi cha kuripoti.

Na mimi nilikuwa na ile branula ndogo tu. Kuna mipira mikubwa inayoingizwa shingoni ama kifuani, hadi karibu na moyo, kwa watu walio ICU na kwa wengi wanaoanza kusafishwa figo. Mashine za kusafisha figo zilisambazwa kaunti nyingi kupitia ule mpango wa serikali wa 2015, na hilo ni jambo zuri, zamani mtu wa Molo ama Subukia angefunga safari hadi Nairobi. Lakini mashine ni nusu ya kazi. Mgonjwa anayekuja mara mbili kwa wiki na mpira shingoni, kila ukifunguliwa na kufungwa ni nafasi ya bakteria. Ama ya kuvu. Hospitali ya Aga Khan Nairobi, ambayo inapima na kuchapisha (heko kwao), ilipata kwamba kati ya wagonjwa wake waliopata kuvu aina ya Candida kwa damu kuanzia 2010 hadi 2016, zaidi ya thuluthi moja walikuwa na Candida auris, ile sugu inayohangaisha hospitali dunia nzima. Mipira ya mshipa mkubwa ilikuwa moja ya vitu walivyokuwa navyo.

Sasa usitupe simu ukaanza kuombea taifa. Hii kitu inazuilika, na hiyo ndiyo sehemu inanikasirisha.

Jimbo la Michigan kule Marekani, kuanzia 2003, ICU zaidi ya mia moja zilikubaliana kufanya mambo matano kila mara wanapoweka mpira mkubwa. Nawa mikono. Mfunike mgonjwa na wewe uvae kikamilifu. Pangusa ngozi na dawa inayoitwa klorheksidini. Epuka mshipa wa kinena. Toa mpira ukishakuwa hauhitajiki. Basi. Hakuna roboti hapo, hakuna dawa mpya. Matokeo yalitoka 2006: maambukizi ya damu yalipungua hadi kwa thuluthi mbili, na yakakaa chini kwa mwaka mmoja na nusu. Kitu nilichopenda zaidi ni hiki: muuguzi aliruhusiwa kumsimamisha daktari akiruka hatua. Fikiria hiyo wodi yetu. Fikiria sista akimwambia mkubwa, "Daktari, hujanawa."

Hapa lazima niseme jambo kabla hamjaenda kuwarukia wauguzi. Usiku ule wa Ijumaa, nikiwa sina usingizi, nilihesabu vitanda. Vilikuwa 34, vingine na watu wawili, na wauguzi wawili. Kila dawa ya kudunga ikihitaji kunawa, kupangusa, kusubiri spiriti ikauke, mara wagonjwa hao wote, mara nne kwa siku, hesabu haitoshi. Sinki ilikuwa upande wa mlango, na kwa siku nilizokaa pale mfereji ulikuwa na maji siku nyingine na siku nyingine hauna. Chupa ya sanitaiza ilikuwa imefungwa na kamba kwa meza, tupu. Nilipomuuliza yule sista, alicheka ile ya kuchoka. "Kijana, hiyo nilinunua mwenyewe mara ya mwisho."

Mnakumbuka 2020? Kila stendi ya matatu ilikuwa na mtungi wa maji na sabuni. Huwezi ingia supermaketi bila kunyunyiziwa. Kwa duka la simu. Kwa kinyozi. Tulipata pesa na mitungi na adabu kwa wiki mbili. Mitungi mingi sasa inachota maji ya kuoshea magari. Halafu wodi, mahali mkono mchafu unaua kwa kweli, haina sanitaiza.

Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa kuzuia maambukizi hospitalini tangu 2010. Upo, umeandikwa, una mihuri. Afya ikaenda kaunti 2013. Tangu hapo mwenye kujibu ni kaunti, na pesa yenyewe inapitishwa kwa bajeti ambayo kisheria lazima wananchi waulizwe maoni. Nimeenda kwa mkutano mmoja wa hivyo. Ukumbi ulijaa wazee. Tukazungumzia barabara, basari, taa za mtaa. Vijana tulikuwa wanne, wawili walikuja kwa sababu ya soda. Niliposimama nikauliza sanitaiza, plasta na vichupa vya kuotesha damu viko laini gani ya bajeti, mzee mmoja akasema, "Huyu anauliza vitu vidogo." Sawa. Hivyo vidogo vilikula karo ya dadangu.

Sasa tuje kwetu, maana sisi pia tuna kesi. Shangazi yangu wa Njoro aliponitembelea Jumatano, aliponiona sina chupa juu akashtuka. "Mgonjwa gani hana maji?" Alitaka kumwita daktari. Kwa watu wetu, kama hujawekewa maji hujatibiwa. Tembe ni za wale hawana pesa. Kwa hivyo kuna vijiduka vya dawa na vikliniki chini ya magorofa ambako unaingia na uchovu, unatoka na branula. Nawajua wasee wanaenda huko Jumatatu kutoa hangova. Elfu na kitu, chupa moja ya maji ya chumvi, unalala kwa benchi saa moja. Buda, hayo ni maji na chumvi. Kama unaweza kumeza, yanywe. Unalipa mtu akutoboe ukuta ndio upate kitu ambacho kipo kwa jagi.

Kuna mtu ataniambia nawatisha watu wakimbie hospitali. Hapana. Bila ile branula ya Jumapili usiku ningekufa na kidole tumbo kimepasuka, na ningekuwa picha ya aina nyingine kwa stetasi. Inaokoa watu kila siku. Mimi nataka tu iwe na mwenyewe, mtu anayejua iliingia lini na inatoka lini. Wataalamu bado wanabishana kama inafaa kubadilishwa kila baada ya siku tatu nne ama ikaguliwe tu kila siku na kutolewa ikiharibika. Hakuna anayebisha kwamba ile isiyotumika itoke.

Kwa hivyo ukilazwa, ama ukienda kumwangalia mtu, angalia plasta. Imeinuka? Imelowa? Kuna tarehe? Kama hakuna, omba kalamu. Kila asubuhi uliza kwa heshima, "Sista, hii bado inahitajika?" Ikiuma, ikiwa nyekundu, ikivimba, ama ukipata baridi ya ghafla, sema dakika hiyo hiyo, usijifanye mwanaume kama mimi. Usiioshe na maji ya bafu. Na wageni wanawe mikono, hata kama ni maboyz wako, hasa kama ni maboyz wako.

Kuuliza si rahisi, najua. Unaogopa sista atakasirika na usiku ukiita asije. Mimi niliuliza kila siku hizo wiki mbili za mwisho. Wawili walinikunjia uso. Yule wa Ijumaa aliniambia, "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza mwaka huu," na tangu siku hiyo alikuwa akipita kwangu kwanza na kalamu.

Wiki iliyopita rafiki yangu alilazwa na nimonia. Nikaenda kumwona na ndizi na chaja. Maji yalikuwa yametolewa tangu jana, anameza tembe, branula bado iko, plasta imeinuka. Nikamwita muuguzi, nikamsalimia, nikauliza. Akaangalia chati, akasema kweli haihitajiki, akavaa glavu, akaitoa, akabandika pamba. Dakika mbili.

Jamaa akaniangalia vibaya sana. "Boss, sikuwa nimepiga picha bado."